Tonge la Mwoshaji

Siku zile za vita, mtu akitoka Bujumbura akafika Rumonge mzima, alichinjiwa kuku. Barabara ya kando ya ziwa ilikuwa leo wazi, kesho imefungwa, na gari likishapita Kabezi abiria walinyamaza wote, kila mmoja akitazama upande wa mlima. Kwa hiyo Zuwena alipotokea mtaani kwetu na mfuko begani, baada ya chuo kufunga milango na wanafunzi kuambiwa warudi kwao, baba yake, Ismaili fundi cherehani, aliiacha suruali ya mtu chini ya sindano akakimbia barabarani na futi yake shingoni.

"Daktari wangu! Daktari wangu amefika!"

Daktari mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sindano ya hospitali hajapata kuishika, na ini la binadamu alikuwa ameliona ubaoni tu. Somo pekee aliloliwahi mpaka mwisho kabla chuo hakijafungwa ni lile ambalo wenzake waliliita somo la vyoo: epidemiolojia, elimu ya kufuatilia ugonjwa unavyotembea kati ya watu. Wenzake walitaka visu na mioyo, hawakutaka habari za visima. Profeseri Hyacinthe, mzee wa koti moja la kijivu, aliwaambia kila mara kwamba daktari wa kitandani anauliza unaumwa wapi, lakini sisi tunauliza nani ameugua, wapi, lini, halafu lile swali ambalo ninyi wavivu mnalisahau: nani hakuugua. Zuwena alikuwa akisinzia.

"Mama yuko wapi?" aliuliza, akishamaliza kukumbatiwa.

"Kwa kina Kassimu," alisema Ismaili, na furaha ikampungua usoni. "Mama yake, Bi Sikujua, ametuacha. Alirudi na samaki zake za ndagala toka soko la Nyanza-Lac, tumbo linamuendesha, hakufika hata adhuhuri. Mama yako iko anamuosha."

Mariyamu, mke wa Ismaili, ndiye aliyewaosha wanawake wote waliokufa mtaani kwetu. Kazi ile haikuwa na malipo, na hakuna aliyemchagua. Alianza ujana wake kwa kumshikia mama yake maji, mama alipochoka akabaki yeye. Alikuwa na vidole virefu vilivyotulia, na wanawake walisema hadharani, bila kuona vibaya, kwamba wakifa wanataka kushikwa na vidole vile. Mitaani walimwita Mama Zuwena, lakini penye msiba walimwita Mama tu, hata wazee waliomzidi umri.

Zuwena alimkuta akitoka chumbani kwa marehemu, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Mtoto na mama walitazamana, wakatabasamu kidogo, kwa kuwa mahali penyewe hapakuruhusu zaidi. Kisha Mariyamu akasuuza mikono kwenye beseni, kwa maji matupu, akaenda kupiga magoti mbele ya mkeka wa wafiwa.

Hapo lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Mtaani kwetu wanawake waliofiwa hawakula mpaka mwoshaji awalishe. Mkono wa mwisho kumgusa mama yako ndio uliomega bugali, ukachovya kwenye mchuzi, ukakutia tonge mdomoni. Ukishalimeza, umekubali kwamba ameondoka na wewe umebaki. Na mwoshaji hakunawa kwa sabuni kabla ya tonge. Rumonge ni mji wa mawese, sabuni ilichemshwa karibu kila ua, sufuria zikinuka mpaka ufukweni, lakini kunawa kwa sabuni mbele ya wafiwa kulikuwa sawa na kuwaambia kwamba maiti wao amekuchafua. Mwoshaji aliwalisha kwanza, kisha akaenda kwake kuoga, ndipo naye akala. Wanaume hawakuwa na jambo hilo. Wao walizika, wakarudi, wakala sinia lao nje kwa kelele zao. Mimi nasema wazi kwamba ilikuwa desturi nzuri. Nimeona mwanamke aliyelia hadi sauti ikakauka akinyamaza mara tu tonge lile lilipomgusa ulimi.

Siku ile Mariyamu aliwalisha binti wawili wa Bi Sikujua, Nour na mdogo wake Mwamini, kisha mkwe wake Chanceline, mke wa Kassimu, Mushi kwa kabila, wa kutoka Uvira, aliyekuwa na mimba kubwa. Akamlisha na shangazi yao. Zuwena alisimama mlangoni akimwangalia mama yake kwa fahari.

Kuku wa kumpokea Zuwena aliliwa baridi, lakini aliliwa.

*

Haikupita wiki, Mwamini akaanguka. Maji yalimtoka mwilini kama yaliyomwagwa, macho yakazama, na kabla hawajapata mtu wa kumbeba mpaka kituo cha afya, akafa. Mariyamu alimuosha akilia, kwa kuwa ndiye aliyempokea duniani binti yule, akatoka, akasuuza mikono, akalisha. Baada ya matanga hayo akaanguka shangazi yao, naye akafa. Kisha Nour. Huyu waliwahi kumfikisha kituoni, akatundikiwa serumu, dripu ya maji.

Sasa watu wakalitaja jina: kolera, yaani kipindupindu. Na ikishatajwa, lazima awepo wa kuilipia.

Kando ya mtaa, kwenye michikichi ya njia ya Gatete, kulikuwa na kambi ya watu walioikimbia milima. Tuliwaita madeplase. Walikuwa wamejenga vibanda vya majani na mahema ya plastiki, wakichota maji kwenye bomba letu lile lile, kila asubuhi foleni ndefu na makopo yao. Mwanzoni tuliwapa mihogo. Vita vilipoendelea na vitu vikapanda bei, mihogo ikapungua na maneno yakaongezeka.

"Ni hawa wametuletea," walisema watu. "Wanajisaidia huko michikichini, halafu wanakuja kushika bomba letu."

Casimir, shefu wa mtaa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye woga, na mtu mwenye woga akiwa na muhuri mkononi ni taabu. Alitangaza mkutano siku ya Ijumaa baada ya swala, penye bomba. Kila mtu alijua litakaloamuliwa: kambi ifungiwe maji na watu wake warudishwe juu walikotoka. Kule juu bunduki zilisikika karibu kila siku.

Wakati huo nyumba ya Ismaili ilijaa wageni waliomtaka daktari. Mmoja alimletea goti, mwingine mtoto mwenye macho mekundu. Zuwena aliwaambia kwamba bado hajafundishwa, wakaondoka wamenuna. Lakini jambo moja alilianza bila kutumwa na mtu. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza. Nani aliugua hapa? Nani alilala naye? Mnakunywa maji gani? Nani hakuugua?

"Hee, Ismaili!" walimtania mzee wa watu pale kwenye cherehani. "Daktari wako haponyeshi, anauliza tu. Ni daktari ao ni polisi?"

Ismaili alicheka nao, akainama tena kwenye kitambaa. Ilimuuma.

*

Alhamisi mchana Mariyamu alikuwa uani na ungo wa ndagala mapajani, akitoa mchanga. Zuwena aliketi karibu naye, akaanza kumsaidia kuchambua.

"Mama, kwa kina Kassimu mwanaume gani ameugua?"

"Hakuna, tunashukuru Mungu."

"Na watoto?"

"Hakuna. Juu ya nini unauliza?"

"Bomba ni moja. Wanaume wanakunywa, watoto wanakunywa, madeplase wanakunywa. Nimeenda mpaka kambini, Mama. Kule hakuna hata mutu mmoja mwenye kuhara hivyo. Wanaougua ni wanawake wetu. Na si wanawake wote, ni wale wa msiba. Na si wote wa msiba. Wale waliopika hawaugui. Ni wale wa mkeka wa mbele."

Vidole vya Mariyamu vikasimama juu ya ungo.

"Sema," alisema. "Usizunguke."

"Ni tonge, Mama."

Cherehani barazani ikanyamaza. Ismaili alikuwa akisikia kila neno.

Mariyamu aliweka ungo chini taratibu, mfano wa mtu anayeogopa kumwaga. "Weye mutoto, unajua unasema nini? Nimeosha mama zao na bibi zao. Nimewalisha toka wewe hujazaliwa. Nani aliugua?"

"Wale hawakufa na kolera. Kolera inabaki kwa maiti, inabaki kwa mikono. Maji matupu hayaitoi. Profeseri wetu anasema..."

"Profeseri wako alishaosha maiti?"

Mama yake alimtazama, na machoni pake hapakuwa na hasira, palikuwa na kitu kibaya zaidi, macho ya mtu anayetafuta njia ya kutokea. Akaipata.

"Na Chanceline?" alisema. "Chanceline alikaa mkeka wa mbele. Kwa mama mukwe wake nilimlisha, kwa Mwamini nilimlisha, na huu mukono. Iko mzima na mimba yake, asubuhi nimemuona anatwanga. Kama ni tonge, yeye ingemuacha?"

Zuwena alikuwa ameuliza nyumba zote nani hakuugua, na huyu aliyekuwa mbele ya macho yake alimpita. Ikiwa Chanceline alilishwa mara mbili na yuko mzima, basi hesabu yake yote imeanguka.

"Ona sasa," alisema Mariyamu, akarudisha ungo mapajani. "Umesoma, lakini hukumaliza."

Alikuwa ameshinda, lakini ndagala hazikuchambulika tena vizuri, mchanga na samaki vyote aliviona sawa.

Ismaili alimfuata binti yake nyuma ya nyumba. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliizungusha kidogo futi mikononi kabla hajasema.

"Kesho kwa mukutano, kaa kimya, mwanangu. Mimi niko na cherehani. Weye uko na shule. Mama yako ana hii moja tu. Ukimuondolea, atabaki na nini?"

"Na wale watu wa kambini, Baba? Wakifukuzwa wataenda wapi?"

"Sijui," alisema Ismaili. Alikuwa akisema kweli, hakujua.

*

Ijumaa asubuhi Mariyamu alimshika Zuwena mkono, kama alivyokuwa akimshika akimpeleka shule ya msingi, wakaenda kwa Kassimu. Alitaka Chanceline aseme kwa mdomo wake mwenyewe, neno liishe, amani irudi nyumbani.

Chanceline alikuwa akianika nguo. Aliwawekea kigoda, akauliza hali ya nyumbani, akasifu viatu vya Zuwena.

"Chanceline mwanangu," alisema Mariyamu, "hebu mwambie dada yako huyu msomi. Siku ya mama mukwe wako, si nilikulisha?"

Mwanamke yule alishtuka. Alitazama mlango wa nyumba, akatazama barabara, kisha akashuka chini polepole na mimba yake, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Sikulimeza. Mimba ilikuwa inanikataza, harufu ya ndagala nilikuwa nashindwa hata kupita karibu. Uliponiletea nilijifanya nalia, nikajifunika na kitenge, nikaliacha likaangukia ndani. Kwa Mwamini vilevile." Alilia kwelikweli sasa. "Niliwapa kuku. Tonge ya mama mukwe, niliwapa kuku! Kassimu akijua atanirudisha Uvira. Usimwambie, Mama, ninakuomba."

Pale, kwenye vumbi, lilikuwapo jibu la swali la mzee wa koti la kijivu. Watu waliolala chumba kimoja, wakanywa mtungi mmoja, wakaketi mkeka mmoja, na mmoja wao tu amebaki mzima. Darasani Zuwena angenyanyua mkono kwa furaha. Hapa alitamani asingewahi kuuliza.

Mariyamu alitazama viganja vyake, akavigeuza, akatazama migongo ya mikono. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Na Mwamini? Alilimeza la mama yake?"

"Alilimeza lote, Mama. Alikulamba hata vidole."

Hapo Mariyamu aliinamisha kichwa. Alikuwa akimwona Mwamini, msichana mzima aliyefungua mdomo kama kifaranga, na yeye akimpa. Hakuna aliyejua alichompa, hata yeye hakujua, lakini alimpa yeye. Maumivu ya jambo lile hayana dawa, na sitajifanya kwamba yalipata dawa baadaye.

Lakini kwanza alimwinua Chanceline. Alimpangusa vumbi magotini, akamfunga kitenge vizuri.

"Umefanya vizuri," alimwambia. "Kuku nao ni viumbe. Nyamaza. Kassimu hatajua kwangu."

Njiani kurudi, penye kona ya sufuria za sabuni, Mariyamu alisimama, akavuta harufu ile ya mawese iliyokuwa ikitufuata maisha yetu yote hata nguoni.

"Na sabuni ingetosha?" aliuliza.

"Sabuni na maji mengi, Mama. Na javel, ile dawa ya kuua vijidudu, ingekuwa nzuri zaidi."

"Sabuni!" alisema Mariyamu, akaendelea kutembea.

*

Penye bomba walijaa wanaume wa msikitini na kanzu zao, wanawake pembeni, na upande wa michikichi, wamejikusanya, watu wa kambi. Hawakualikwa, lakini walijua.

Casimir alisoma alichokiandika. Kuanzia Jumamosi bomba ni la wenyeji tu, na kambi ihamishwe. Alisoma haraka na hakuinua macho.

"Bwana shefu," alisema mwanaume mmoja wa kambi, mrefu, nguo zimemlegea, "murakoze, asanteni, mumetupokea vizuri. Lakini twende wapi? Kule juu iko masasi ya bunduki."

"Na hapa iko kolera!" walimjibu watu. "Ninyi ndio mumeileta!"

Zuwena alinyanyua mkono. Casimir alimruhusu kwa heshima ya baba yake. Alianza vizuri. Alisema kwamba kambini hakuna mgonjwa. Alisema kwamba bomba lingekuwa baya, wanaume nao wangeugua. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakakubali kwa kichwa.

"Basi imetoka wapi, daktari?" aliuliza Kassimu. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amefiwa na mama, dada na shangazi, alitaka kujua.

Zuwena alimtazama Kassimu. Akamtazama baba yake, amesimama nyuma na futi shingoni, amesahau hata kwenda kuswali. Neno lilikuwa mdomoni, na halikutoka.

"Anauliza tu!" mtu alipiga kelele, na kicheko kikapita.

"Mwacheni," alisema mama yake.

Mariyamu alikuwa ametoka kati ya wanawake, akasimama kwenye tope la bomba, mahali ambapo mwanamke hakuwa na kawaida ya kusimama wanaume wakiongea.

"Mutoto wangu anajua. Iko anaogopa juu yangu, basi nitasema mwenyewe. Hawa watu wa mlimani muwaache. Hawakuleta kitu. Bi Sikujua aliileta toka safarini, masikini, bila kujua. Nami nikaitoa kwake nikawapa watoto wake." Aliinua mikono yake yote miwili. "Na hii mikono. Na tonge. Nilisuuza na maji tu, kama mama yangu alivyonifundisha, nikawatia mdomoni. Kassimu mwanangu, dada yako nimemlisha mimi. Shangazi yako nimemlisha mimi. Nour yuko kule kwa serumu, nimemlisha mimi."

Tulisikia maji yakidondoka kwenye bomba.

"Toka leo," aliendelea, na sauti sasa ilikuwa ikikwaruza, "anayeosha asishike chakula. Na asiondoke chumbani hajanawa na sabuni na javel, na anayeona kama ni matusi kwa marehemu wake aje anitukane mimi. Nimemaliza. Bwana shefu, wafungulie watu maji."

Kassimu aligeuka akaondoka. Wanawake walifungua njia Mariyamu apite, na walifungua njia pana kuliko ilivyohitajika. Casimir aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, na hakuna aliyeiona tena. Madeplase walichota maji Jumamosi kama kawaida.

*

Kolera iliisha. Kituo cha afya kiligawa javel, na Zuwena alipita nyumba kwa nyumba tena, safari hii akielekeza, na hakuna aliyemcheka. Nour alipona, akarudi nyumbani amekonda. Shefu Casimir alianza kusema "epidemiolojia" kila penye watu watatu, tena kwa mkazo, na wengi waliamini ni jina la dawa. Ndiyo miaka ile ilivyokuwa. Usiku taa za wavuvi zilikuwa zikitapakaa ziwani, alfajiri ndagala zinaanikwa mchangani, na kati ya mlio wa bunduki mlimani na adhana mtaani tulipata nafasi hata ya kutaniana. Nikisema ninaikumbuka kwa hamu, watu hunishangaa. Sikumbuki vita. Nakumbuka watu tuliokuwa nao.

Mariyamu hakuitwa tena. Walipokufa wanawake wengine, kwa uzee au kwa mambo mengine, walimwita mwoshaji wa mtaa wa pili, aliyenawa kwa sabuni kama Mariyamu alivyoamuru. Tonge halikuwapo. Kila mtu alijipakulia. Watu walimsalimia Mariyamu vizuri sana, na ndivyo ulivyojua kwamba wamejitenga naye. Akipeleka sahani ya vitumbua kwa jirani, sahani ilirudi na asante, na vitumbua vilionekana baadaye nyuma ya nyumba. Hakulalamika. Alichambua ndagala. Ismaili alimshonea gauni jipya, hakulivaa.

Chuo kilifunguliwa, Zuwena akaenda, akarudi likizo. Siku ya pili ya likizo hiyo, asubuhi, Nour alisimama mlangoni kwao. Tangu mkutano ule hakuwa amekanyaga pale.

"Hodi, Mama Zuwena."

Mariyamu alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka. "Karibu, mwanangu."

"Siketi. Bibi yetu amezimika leo alfajiri. Mzazi wa mama. Amekufa na uzee, hakuumwa." Nour alikuwa akitazama kizingiti. "Nimekuja kukuita."

"Kassimu anajua?"

"Kassimu ndiye amesema. Chanceline amemwambia mambo yake yote, hata ya kuku. Alinuna wiki nzima, kisha akacheka."

Mariyamu alitazama huku na huku, hakukumbuka vitu vyake viko wapi. Zuwena ndiye aliyetafuta ndoo, sabuni na javel, na walipofika aliingia chumbani pamoja na mama yake, akashika chombo cha maji. Alimwagia mahali alipoonyeshwa. Alikuwa amekwisha kuona maiti shuleni, juu ya meza, hawana majina. Hakuwa amejua kwamba mtu anaweza kuoshwa hivi, akisemeshwa, "geuka kidogo, bibi, ndiyo, hivyo hivyo."

Walipomaliza, Mariyamu alinawa kwa sabuni na javel kama alivyoamuru mwenyewe, akajifunga kanga apite kimya kwenda kwake kuoga. Nje wanawake walikuwa mkekani. Sinia la bugali lilikuwa katikati, limefunikwa. Hakuna aliyeligusa, na bugali ulikuwa umeshaanza kupoa.

"Unaenda wapi, Mama?" aliuliza Nour.

"Nyumbani. Kuleni, watoto wangu. Nani amewazuia?"

"Tutakula namna gani, na hujatulisha?"

Mariyamu alirudi nyuma hatua. "Hapana, Nour. Mimi sishiki tena. Nilishasema."

Nour aliinuka. Alichukua birika la maji na kipande kizima cha sabuni ya mawese, akaja mpaka mbele yake, mbele ya wanawake wote. Akamwagia maji, akamtia sabuni kiganjani.

"Nawa," alisema. "Nawa sana. Tunakungoja."

Mariyamu alinawa. Alisugua viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye viwiko, na Nour alimwagia mpaka birika likaisha, na hakuna mwanamke aliyeona kwamba bibi yao ametukanwa. Aligeuza uso kidogo kumtafuta binti yake. Zuwena alikuwa mlangoni na ndoo tupu, machozi yanamtiririka, akamkubalia kwa kichwa.

Nour alirudi mkekani, akaketi mahali pa mfiwa, mahali walipoketi yeye na Mwamini siku ya mama yao. Mariyamu alipiga magoti, akamega, akachovya. Mkono ukasimama nusu njia. Nour akaushika, akausogeza mwenyewe, akafungua mdomo.